Dakika Hamsini za Yerusalemu

Mwezi Mei mwaka 2005, studio ya 20th Century Fox ilipeleka kwenye majumba ya sinema filamu ya Ridley Scott kuhusu Yerusalemu ya Wakristo wa Vita vya Msalaba ilivyoanguka mikononi mwa sultani Mwislamu Salahuddin mwaka 1187, iitwayo Kingdom of Heaven, ikiwa na urefu wa dakika 144. Mwaka mmoja baadaye, Mei 2006, filamu hiyo hiyo ilitoka katika seti ya diski nne za DVD ikiwa na dakika 194. Katikati ya tarakimu hizo mbili kuna dakika 50 ambazo wapenzi wa filamu wamekuwa wakizibishania hadi leo, na kauli inayotawala mabishano hayo ni kwamba studio iliiharibu kazi nzuri kwa mkasi. Nakubaliana na kauli hiyo kwa sehemu kubwa. Hata hivyo, kinachonivuta zaidi ni yale ambayo watazamaji wa kawaida waliyalalamikia mwaka 2005, wakati wengi wao hawakujua kabisa kwamba kuna kitu kimeondolewa. Ukiyasoma malalamiko hayo upya ukiwa umeshaliona toleo refu, utakuta mengi yanaangukia palepale mkasi ulipopita. Watu walikuwa hawajakiona kilichokatwa, na bado waliweza kuonyesha kilipokuwa.

Lalamiko lililosikika sana lilimhusu shujaa mwenyewe, Balian, aliyeigizwa na Orlando Bloom. Katika toleo fupi tunamkuta akiwa mhunzi wa kijijini Ufaransa, amefiwa na mtoto, na mke wake amejiua kwa huzuni. Baba yake asiyemjua, kabaila Godfrey wa Ibelin anayeigizwa na Liam Neeson, anapita pale kijijini akielekea Nchi Takatifu, anamfundisha upanga msituni kwa muda mfupi sana, kisha anakufa kwa jeraha. Baada ya hapo si muda mrefu yule mhunzi yuko juu ya kuta za Yerusalemu, ameshapima masafa ya mitambo ya kurushia mawe, ameshaweka alama uwanjani ili ajue adui akifika wapi apigwe, na anawaamuru watu wa mji mzima kana kwamba amezaliwa jemadari. Watazamaji waliuliza, kwa haki kabisa, ujuzi huo wote ameutoa wapi. Wengi walihitimisha kwamba kosa ni la Bloom, kijana aliyepata umaarufu kwa kuvuta upinde na kucheza na maharamia, na kwamba mabega yake hayakutosha kubeba filamu ya uzito huo.

Toleo refu linalijibu swali hilo mapema na kwa maneno machache: Balian ameshawahi kwenda vitani, na huko alikuwa fundi wa mitambo ya kubomolea ngome. Basi. Mazungumzo yenyewe ni mafupi, lakini yanapokuwepo, kila kitu anachokifanya Yerusalemu kinakuwa kumbukumbu ya kazi aliyoijua zamani, na yanapokosekana kinakuwa mwujiza. Hali ni hiyo hiyo kwa kasisi wa kijijini anayemchokoza Balian kuhusu mke wake aliyekufa, hadi Balian anamuua katika karakana yake. Katika toleo fupi yule kasisi ni mtu mwovu tu, mmoja wa wale makasisi ambao filamu za zama hizo huwaweka ili mtazamaji apate wa kumchukia. Katika toleo refu ni ndugu yake Balian. Mtu anayesafiri kwenda Yerusalemu kutafuta msamaha baada ya kumuua kasisi mwovu ana mzigo, sikatai, lakini aliyemwaga damu ya ndugu yake ana mzigo wa aina nyingine kabisa, na ule unyamavu wa Balian, ambao watu walimlaumu nao Bloom, unaanza kueleweka.

Jeraha kubwa zaidi, hata hivyo, liko kwa Sibylla. Huyu ni dada wa mfalme Baldwin wa Nne, mfalme kijana mwenye ukoma, na ni mke wa Guy de Lusignan, kabaila mpenda vita. Eva Green anamwigiza kwa nguvu, na katika nusu ya kwanza ya toleo fupi anaonekana kuwa mwanamke wa kifahari aliyechoshwa na ndoa yake na kumpenda Balian. Kisha kaka yake anafariki, anavikwa taji, anamvika mumewe taji, na ghafla, bila maelezo, anakuwa kama mtu aliyerukwa na akili. Anajitazama kwenye kioo, anazikata nywele zake, anazunguka katikati ya majeruhi akiwa amekonda na kunyamaza. Watazamaji wa 2005 walisema hawamwelewi. Wengine waliandika kwamba mhusika huyu ameandikwa vibaya, na wengine, kwa ukali zaidi, kwamba yupo ili filamu ipate mapenzi.

Kilichoondolewa ni mtoto. Sibylla ana mwana mdogo kutoka ndoa yake ya kwanza, na mjomba wake anapofariki mtoto huyo anakuwa mfalme Baldwin wa Tano. Katika toleo refu tunamwona akicheza, akifundishwa, akiketi kwenye kiti kilichomzidi ukubwa. Nta ya moto ya kupigia muhuri inamdondokea mkononi, naye hashtuki. Mama yake anaona. Hakuna anayesema neno, na hakuna haja, kwa sababu tumeshajua katika familia ile mkono usiohisi moto maana yake ni nini. Sibylla aliyemtazama kaka yake akioza nyuma ya barakoa anaamua kwamba mwanawe hatapita njia hiyo, na anamtilia sumu sikioni akiwa amemlaza mapajani. Baada ya hapo ndipo anapompa taji mume asiyemheshimu, na ndipo anapozikata nywele. Kila kitendo chake kilichoonekana wazimu katika toleo fupi ni cha mwanamke aliyemuua mwanawe kwa huruma na hana wa kumwambia.

Studio iliona kwamba hadithi hii ya mtoto inaichelewesha filamu isifike vitani. Ukiihesabu kwa saa, ni kweli inaichelewesha. Lakini ndiyo iliyokuwa ikiunganisha kifo cha mfalme mkoma na msiba wa Hattin, pigano ambalo jeshi la Wakristo liliangamizwa, na pia ndiyo iliyompa Balian sababu ya kuhukumiwa. Katika matoleo yote mawili mfalme anamtaka amwoe Sibylla baada ya Guy kuuawa, naye anakataa kwa ajili ya dhamiri yake. Katika toleo fupi kukataa huko kunaonekana ni uadilifu tupu, nasi tunampigia makofi. Katika toleo refu kukataa huko kunafuatwa na mtoto kufa, mama kuvunjika na ufalme kuingia mikononi mwa mpumbavu, na hapo mtazamaji analazimika kujiuliza kama dhamiri safi ya mtu mmoja ilistahili gharama hiyo. Filamu ngumu iligeuzwa kuwa filamu nyepesi kwa kuondoa uso wa mtoto mmoja.

Mara ya kwanza niliitazama katika kibanda cha video mjini Tanga, na mtafsiri amekaa kando ya televisheni na kipaza sauti chake, kama ilivyokuwa kawaida kwa filamu za Kizungu. Kazi ya mtafsiri wa kibandani si kutafsiri peke yake: huongeza, hupunguza, huwapa wahusika majina ya mtaani, na pale hadithi inapokatika huiunga mwenyewe. Sibylla aliposhika mkasi, yule mtafsiri hakusita hata kidogo. Akatangaza, "Malkia ananyoa msiba wa kaka yake." Kibanda kizima kilikubali, kwa kuwa wengi wetu tulitoka katika koo ambazo mfiwa hunyolewa nywele, na jambo hilo halikuhitaji kuelezwa zaidi. Ila mzee mmoja aliyekaa benchi la nyuma akauliza, kwa sauti ya mtu anayedai chenji yake, "Kaka si alishazikwa zamani? Msiba gani huo wa kunyoa leo?" Mtafsiri akajibu, "Mzee wangu, kwao matanga ni marefu." Watu wakacheka na filamu ikaendelea.

Nilipoliona toleo refu, miaka kadhaa baadaye, nilimkumbuka yule mzee kuliko mwigizaji yeyote. Mtafsiri alikuwa amekisia sawasawa kwamba kunyoa kule ni kwa msiba, isipokuwa alikosea marehemu, na mzee ndiye aliyegundua kwamba hesabu ya marehemu haitimii. Hakuna aliyekuwa amemwambia kuhusu toleo lingine, wala kuhusu ugomvi wa wahariri na wakubwa wa studio. Alitazama tu kwa makini, akaona kwamba kuna kaburi halijaonyeshwa. Tangu hapo sina subira na ile dhana ya wenye fedha kwamba mtazamaji wa kawaida hataki kuchoshwa na hadithi ndefu, kwa hiyo hataona ikipunguzwa.

Hapa pana jambo la kuchekesha kidogo kwa mtu anayeijali historia. Baldwin wa Tano alikuwepo kweli. Alitawazwa akiwa mtoto mdogo wakati mjomba wake angali hai, akabaki mfalme peke yake mwaka 1185, na akafariki Akka mwaka 1186 akiwa na umri wa miaka minane au tisa hivi. Lakini hakuna ushahidi kwamba alikuwa na ukoma, na habari ya mama yake kumtilia sumu ni ya mwandishi wa mswada, William Monahan. Hata ile nta ina asili ya kweli iliyohamishwa: Askofu Mkuu William wa Tyre, aliyekuwa mwalimu wa Baldwin wa Nne utotoni, aliandika kwamba aliutambua ugonjwa wa mwanafunzi wake alipoona wenzake wakimkwaruza mikono katika mchezo naye haumii kama wao. Monahan alilichukua tukio la mjomba akampa mpwa. Kwa hiyo studio, ilipokata, iliondoa kwa kiasi kikubwa kitu ambacho wanahistoria wangekipinga, na matokeo yake watazamaji waliiona filamu kuwa ya uongo zaidi. Mtu ukumbini hapimi ukweli wa filamu ya kihistoria kwa kufungua vitabu, anaupima kwa kuuliza kama tendo hili linaweza kuzaa tendo lile.

Mambo mengine ya uongo yalibaki katika matoleo yote mawili na hayakumsumbua mtu. Balian wa kweli hakuwa mhunzi wala mwana wa haramu kutoka Ufaransa, bali alizaliwa katika ukoo wa makabaila wa huko huko, na mke wake alikuwa Maria Komnene, malkia mjane na mama wa kambo wa Sibylla. Baada ya Hattin aliomba ruhusa kwa Salahuddin aingie Yerusalemu kumchukua mke wake, akaapa kulala usiku mmoja tu na kutobeba silaha. Watu wa mji walipomsihi abaki awaongoze, alimwomba Salahuddin amfungue kiapo kile, na Salahuddin akamfungua. Kisa hicho kina heshima kati ya maadui kuliko chochote kilichotungwa kwenye mswada, na sijui kwa nini waandishi wa filamu hukikimbia.

Kwa nini walikata? Sababu ya kwanza ni ya hesabu za ukumbi. Jumba linalofungua milango saa sita mchana na kufunga saa sita usiku linaweza kuonyesha filamu ya dakika 144, pamoja na matangazo na kufagia, mara nne kwa siku katika skrini moja. Filamu ya dakika 194 itaonyeshwa mara tatu. Robo ya mauzo inapotea kabla hata tiketi ya kwanza haijakatwa, na filamu hii iligharimu takriban dola milioni 130. Sababu ya pili ni hofu ya zamani. Hollywood haijaisahau Heaven's Gate ya Michael Cimino, iliyofunguliwa New York mwezi Novemba 1980 ikiwa na dakika 219, ikaondolewa ndani ya juma moja, ikarudi mwaka uliofuata ikiwa na dakika 149, ikaanguka tena, na studio ya United Artists ikauzwa. Ajabu ni somo lililochukuliwa pale: watu walikumbuka kwamba filamu ndefu iliiangusha studio, wakasahau kwamba toleo fupi nalo halikuiokoa. Sergio Leone alitendewa hivyo hivyo mwaka 1984. Filamu yake ya Once Upon a Time in America, yenye dakika 229, ilipunguzwa Marekani hadi dakika 139 na matukio yake yakapangwa upya kwa mfuatano wa miaka, na watazamaji wa Marekani wakaikimbia.

Sababu ya tatu ni mafanikio ya Scott mwenyewe. Gladiator ya mwaka 2000 ilikuwa imerudisha filamu za upanga na vumbi, na kila studio ilitaka yake. Kingdom of Heaven ilitangazwa kama dada yake Gladiator: kijana mzuri, upanga, binti mfalme, jeshi la upande huu na jeshi la upande ule. Aliyekwenda kwa matangazo hayo alikutana na mazungumzo marefu kuhusu dhamiri, tena yakiwa yamekatwakatwa. Ikumbukwe pia kwamba Scott hakuburutwa kwa kamba. Alilikubali toleo fupi likaenda sokoni chini ya jina lake, na baadaye ndipo akasema toleo refu ndilo filamu yake. Wanaopenda kumchora kama mhanga wasilipite jambo hilo haraka.

Nchini Marekani filamu ilikusanya takriban dola milioni 47. Dunia nzima ilifika zaidi ya milioni 200, kwa hiyo zaidi ya robo tatu ya mapato yalitoka nje, na hapa ndipo mapokezi yanapovutia. Kabla filamu haijatoka, wasomi walikuwa wameshagombana juu yake kwa kuutegemea mswada na habari zake. Jonathan Riley-Smith wa Cambridge, mwanahistoria mkubwa wa Vita vya Msalaba, aliiita historia kwa mtazamo wa Osama bin Laden. Khaled Abou El Fadl wa Los Angeles, msomi wa sheria za Kiislamu, alihofu kinyume chake, kwamba itachochea chuki dhidi ya Waislamu. Kisha ikatoka, na Robert Fisk, mwandishi wa habari wa Uingereza aliyeishi Beirut, akaandika jinsi alivyoitazama huko: Salahuddin, akiigizwa na Msyria Ghassan Massoud, anapoingia katika jumba baada ya mji kusalimu amri, anaukuta msalaba umeanguka sakafuni, anauokota na kuusimamisha juu ya meza kwa utaratibu, na watazamaji wa Beirut wakasimama wakapiga makofi.

Kuna maelezo ya kisiasa ya makofi hayo, na yana nguvu: ilikuwa mwaka 2005, vita ya Iraq ilikuwa ikiendelea, na si kila siku Hollywood ilimleta kiongozi Mwislamu mwenye heshima. Mimi naongeza maelezo ya chumba cha uhariri. Sehemu ya Salahuddin ni ndogo, na kila tukio lake linajitosheleza. Anampa mfalme mgonjwa ahadi ya kumpelekea matabibu wake. Anampa mateka mmoja kikombe cha maji ya barafu, na mateka mwingine anapokinywa anamwambia kwamba hakumpa yeye. Anaulizwa na Balian Yerusalemu ina thamani gani, anajibu kwamba haina kitu, anageuka kuondoka, kisha anamgeukia tena akiwa amekunja ngumi kifuani na kusema ni kila kitu. Hakuna tukio kati ya hayo linalohitaji lingine la nusu saa iliyopita ili lieleweke, kwa hiyo mkasi haukulipunguzia nguvu lolote. Waliokwenda kwa ajili ya Salahuddin waliipata filamu karibu nzima. Waliokwenda kwa ajili ya Balian na Sibylla walipewa mabaki. Sishangai kwamba walitoka na maoni mbalimbali kana kwamba walitazama filamu mbili, maana kwa namna fulani ndivyo ilivyokuwa.

Ndivyo ninavyoelewa pia umaarufu wa sasa wa mfalme mkoma. Edward Norton aliigiza filamu nzima nyuma ya barakoa ya fedha, na jina lake hakutaka litangazwe. Barakoa yenyewe ni ya kubuni, maana hakuna maandishi ya wakati ule yanayosema Baldwin alivaa kitu kama hicho. Leo vijana ambao walikuwa hawajazaliwa wakati filamu inatoka wanarushiana mtandaoni vipande vyake vya nusu dakika, hasa kile ambapo, mbele ya ubao wa sataranji, anamwambia Balian kwamba hata mfalme akikuamuru, roho yako inabaki amana yako mwenyewe. Wengi wao hawajaitazama filamu kwa urefu wowote, lakini wanaijua sauti ile ya taratibu iliyochoka. Kipande hicho kilinusurika mwaka 2005 na kinanusurika sasa kwa sababu ile ile: ni hadithi kamili ndani ya dakika chache. Sibylla hana kipande cha namna hiyo. Huzuni yake imejengwa kwa matukio yanayotegemeana, na ukiondoa moja mengine yote yanageuka vituko.

Sasa niseme upande wa pili, maana toleo refu limepata waumini ambao hawavumilii kusikia neno baya. Halimponyi Bloom kikamilifu. Linamweleza, lakini maelezo hayampi sauti, na anaposimama karibu na Neeson, au na Jeremy Irons anayeigiza mshauri mkuu wa mfalme, bado unaona nani ana uzito. Mawazo ya Balian ya uvumilivu wa dini ni ya mtu wa karne ya 21 aliyevishwa deraya, na dakika 50 haziwezi kubadilisha hilo. Tena baadhi ya kilichorudishwa kingeweza kubaki sakafuni. Baada ya mji kusalimu amri, baada ya ile hotuba ya thamani ya Yerusalemu, baada ya watu kuanza kufungasha, Guy anajitokeza kumchokoza Balian, na tunapewa pambano la panga kati ya wanaume wawili waliokwisha kushindwa wote. Filamu imeshamaliza kazi yake, watazamaji wameshapumua, na ghafla tunatakiwa tujali nani atamwangusha nani matopeni. Aliyelikata hilo alikuwa na macho, na angepewa nafasi ya kukata hilo peke yake angestahili shukrani.

Ibada ya toleo la mwongozaji, yaani lile analolipanga mwongozaji mwenyewe, kwa jumla naiangalia kwa tahadhari. Oliver Stone alitoa Alexander mwaka 2004, akaja na toleo la mwongozaji mwaka 2005 ambalo lilikuwa fupi kuliko lile la kwanza, kisha refu mwaka 2007, kisha lingine tena mwaka 2014, na sijakutana na mtazamaji aliyebadilishwa na safari hiyo yote jinsi watu walivyobadilishwa na dakika 50 za Yerusalemu. Tofauti inaonekana tena kwenye malalamiko. Watazamaji wanapouliza "mbona?", mbona anajua vita, mbona ananyoa, uwezekano ni mkubwa kwamba jibu lilipigwa picha na liko kwenye kabati fulani la studio. Wanaposema "simpendi", "hanisadikishi", "filamu hii inamdhihaki mtu huyu", kabati halina dawa, kwa kuwa lawama ni ya kile kilichopo.

Ndiyo maana kilichotokea kwa Napoleon ya Scott mwaka 2023 kilikuwa rahisi kukitabiri. Kabla haijafika kumbini, mwongozaji alishataja toleo la zaidi ya saa nne, na watu wengi waliokumbuka Kingdom of Heaven wakasema wazi kwamba hawaendi sinema, watalisubiri lile la kweli. Lililoonyeshwa lilizidi saa mbili na nusu kwa dakika chache. Walioliona walikuwa na "mbona" zao kuhusu miaka inayorukwa, lakini lawama kubwa ilikuwa kwamba Napoleon wa Joaquin Phoenix ni mtu mdogo, mwenye kununa, asiyefanana na mtu ambaye majeshi yangemfuata hadi Moscow. Agosti 2024 toleo la karibu saa tatu na nusu likawekwa kwenye Apple TV+. Josephine aliongezewa maisha yake ya kabla ya ndoa, naye akawa mtu kamili zaidi. Napoleon alibaki vilevile, ananuna kwa muda mrefu zaidi.